Nasubiri Ila

Faili la mirathi nililiweka kwenye rafu ya likizo,
mara ya tatu mwezi huu.
Bi Mahinyila hakuniita kwa sauti ya korido.
Alikuja mwenyewe masjala, akavuta stuli ile inayoyumba,
akakaa chini kuliko mimi.

"Habari, Chidawali?"
"Nzuri."
"Za nyumbani?"
"Nzuri."

Akanyamaza. Upepo wa Mtumba ukagonga dirisha,
ukaleta vumbi hadi kwenye kidau cha mhuri.

"Nimesikia nzuri mbili," akasema.
"Nasubiri ila."

Sikucheka.
Sisi hata msibani hujibu nzuri kwanza,
ndipo tumtaje aliyelala.

Ila silali, nikasema.
Ila nikifika kona ya Ihumwa asubuhi
moyo unaitangulia pikipiki.
Ila tangu Februari, mtoto alipokuja na kuondoka siku hiyo hiyo,
mke wangu hukunja nguo ndogo,
huzikunjua,
huzikunja.

Hakusema jikaze, wewe mwanaume.
Aliuliza, "Saa ngapi ndiyo mbaya zaidi?"
Hakuna aliyewahi kuniuliza saa.

Tisa usiku.

Akaiandika, si kwenye fomu, kiganjani mwake,
kwa kalamu ya bluu.
Kisha tukalirudisha faili mahali pake, wawili,
akaniachia namba ya daktari wa General
na Ijumaa mbili za kutoka mapema.

Bado silali.
Jana saa tisa niliiwaza ile tarakimu,
kama ilishatoka kwa maji ya kunawa.
Nikageuka. Mke wangu naye alikuwa macho.

"Habari?" nikamwuliza gizani.
"Nzuri."

Nikasubiri.