Kifurushi Kitupu

Saa nane usiku, Manyatta. Mvua imeondoka na stima.
Betri yasema asilimia kumi na tisa.
Mbele yangu faili moja, mistari mia nne na kumi,
aliyoiandika mtu nisiyemjua,
aliyepakia kama anayehama usiku, kodi hajalipa:
sufuria ndani ya godoro, godoro ndani ya kabati,
kabati juu ya mkokoteni mmoja, na twende.

Mchana Mwalimu Khalayi alikuwa ameniandikia kutoka Port Victoria:
“Nilitaka kamusi tu. Mashine ikasema sawa,
na printa, na skana, na kinanda,
na lugha thelathini na tatu ambazo hapa Busia hazina msemaji.
Bando la hamsini limeisha
kabla sijaiona hata A.”

Nani aliamua kwamba kamusi haiishi bila printa?
Nilitafuta. Mstari wa mia mbili na sita.
Hakuna maelezo. Neno moja: yahitaji.

Pale chini kwa Mama Apondi
mafuta huuzwa kwa kipimo cha ishirini,
sukari kwa kijiko, mche wa sabuni hukatwa kwa uzi.
Hajamwambia mtu hata siku moja:
ukitaka chumvi, nunua duka.
Mimi niliyekaa Maseno miaka minne nikisomea haya
nilikuwa nikipita hapo kila jioni na mkate wangu, sioni.

Basi nikauvuta uzi.
Maneno huku. Sauti huku. Picha huku.
Kuchapa, peke yake, kando.
Nikajenga. Ikakataa.
Sauti yasubiri maneno, maneno yasubiri sauti,
kama mashemeji wawili mlangoni:
pita wewe; la, tangulia wewe;
na ugali ndani unapoa.
Ilinichukua hadi adhana ya Kondele kumsukuma mmoja.

Alhamisi nikatoa toleo.
Khalayi: “Imeingia. Na data imebaki ya kukwambia imeingia.”
Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Ijumaa, Wekulo, karani wa zahanati moja Webuye:
“Risiti hazitoki. Foleni imefika langoni.
Mmetufanya nini?”

Miaka mitatu nyuma aliitia kamusi kwenye mashine ya malipo
mwanawe afanyie kazi ya shule akimsubiri,
na printa ikaingia nyuma yake, mgeni wa mgeni.
Miaka mitatu zahanati imechapa
kwa kosa la mtu, na kosa halikuwahi kukwama karatasi.
Uzi wangu ulipopita, ulipita hapo.

Sikulirudisha fundo.
Nilitunga kifurushi cha tano, kitupu kabisa,
hakina programu, hakina picha, hakina kitu,
ila majina ya wale wanne.
Ukikiita, nao wanakuja.
Ni yule shangazi wa matangani
asiyepika wala kuosha chombo,
lakini asipopiga simu yeye, hafiki mtu.

Wekulo alikivuta saa tano. Saa tano na dakika nane
alinitumia picha ya risiti: dawa ya kikohozi, shilingi mia na thelathini.
Hakuandika asante. Sikuitarajia.

Nikarudi kwenye faili, pale palipokuwa na neno moja,
na juu yake nikaacha maelezo
kwa atakayeketi hapa na betri yake, simjui:

Kuna watu Webuye wanaoning'inia hapa.
Kata ukitaka. Lakini uliza kwanza.