Chupa na Fungu

Nauza chipsi Mabatini, pale mlima unapoanza,
na sosi yangu naichanganya mwenyewe:
nyanya masalo za jioni,
maji, unga wa muhogo vijiko vitatu,
siki, chumvi, sukari isiyo na haya,
na rangi. Kidogo tu.
Kisha naimimina kwenye chupa ya kampuni
ambayo karatasi yake bado haijabanduka.

Kwa hiyo usiku ule, Nkwimba amelala ubavu,
mimba ya miezi sita ikipumua pamoja naye,
niliimulika karatasi ile kwa tochi ya simu
kama mtu asomaye barua aliyojiandikia.

Asubuhi kliniki walikuwa wamemtoboa kidole.
Damu nane.
Nesi Spesioza aliizungushia duara kwa kalamu nyekundu,
akaniuliza mimi, si yeye: "Nyumbani mnakula nini?"
Nikaona aibu kusema
mke wangu hulamba sosi kiganjani
kama mbuzi alambaye jiwe la chumvi.

Karatasi inasema, kwa kijiko kimoja:
sukari, gramu nne;
chumvi, hapa maandishi yamelowa mafuta;
chuma, hakuna.
Na hiyo ni ile halali, ya kiwandani.
Ya kwangu je?
Nyekundu kama damu, na damu haina.

Nikachukua fungu la mgagani
nililonunua Kirumba kwa Mama Lushinge, mia tatu,
limefungwa kwa ugwe wa mgomba.
Nikaligeuza huku, nikaligeuza kule.
Halina karatasi. Halina gramu.
Halina tarehe ya kuharibika, ingawa kesho kutwa litanyauka.
Lina tope la bondeni Luchelele,
konokono mmoja mdogo kama punje ya mtama,
na matundu kwenye majani:
kiwavi alilisoma kabla yangu,
akalielewa.

Lakini nisiidhulumu chupa.
Nyanya ikipikwa, alisema nesi, ina jema lake,
hata masalo.
Na mgagani nao una ukaidi:
ukiushushia chai ya rangi, chuma chake chapita njia;
ukiukamulia limao,
kinaingia ndani, kinavua viatu.

Nkwimba alionja, akakunja uso.
"Mchungu kama maneno ya wifi."
Nikaongeza karanga za kutwanga, nikaongeza maziwa,
nikaupika tena mpaka mkaa ukaisha.
Bado wifi yumo sufuriani.

Nikaenda kuleta chupa.
Tone moja, pembeni ya sahani,
kama mpiga zumari anayetumwa atangulie
ili bwana harusi, asiyejua kucheza,
apate pa kupita.
Akala.
Kesho yake nusu tone.
Siku ya tisa akasahau kuliomba,
nami sikumkumbusha.

Kadi sasa inasema kumi na nukta moja.
Nesi hakuzungushia chochote.
Aligeuza ukurasa, akaita jina la mwingine,
na mimi nikabaki benchi nikiwa nimeshika limao mfukoni,
sijui kwa nini nilikuja nalo.

Bado nauza chipsi. Chumba kina kodi.
Rangi nimeacha kutia,
sosi imepauka kama tofali la mvua,
wateja wanainusa kwanza ndipo wanamimina.
Kando ya kikaango nimeweka sufuria la mgagani,
sahani mia tano, limao bure.
Jana niliuza sahani mbili.
Moja nilijiuzia mwenyewe.