Kombe la Tano

Wamekukodishia viti themanini vya plastiki
na hema jeupe, pale kwenye kona ya kaskazini
ambapo nyasi hazikuota hata mwaka wa mvua kubwa.
Mkuu wa chuo anakusomea wasifu:
kocha, miaka kumi na tisa;
mkurugenzi wa michezo, kumi na mmoja;
makombe manne.
Mimi niko nyuma, karibu na masufuria ya pilau,
nahesabu matano.

Bwanaheri Chitembe,
tulikukuta na mipira saba,
miwili ikipumua kama wagonjwa wa pumu,
na filimbi iliyopasuka punje,
hailii, inakohoa.
Nunua nyingine, Kocha.
“Mwenye kutaka kusikia atasikia.”
Ukatukimbiza alfajiri kutoka Mikindani hadi Makupa
na kurudi, malori yakitupulizia moshi usoni,
nawe nyuma kwa baiskeli:
“We! Mguu wa kushoto si wa kupandia ngazi tu!”

Mpira ulitufunza kwa vitu vya nyumbani.
Beki ni mlango wa choo,
hufungwa hata kama hakuna mtu nje.
Kiungo ni mwiko, haachi kitu kigande chini ya chungu.
Na mshambuliaji? niliuliza, maana ndiye mimi.
“Mwizi mwenye adabu.
Huingia bila kuvunja mlango.”
Nikacheka kuliko wote.

Mwaka ule tulichukua kombe la vyuo vya pwani.
Mabao tisa yalikuwa yangu,
yote kwa jina la Thoya Ngowa.
Thoya ni kaka yangu. Cheti chake cha kidato cha nne
nilikitoa kwenye sanduku la mama
kama mtu aazimaye kanzu ya kwendea arusini,
nikidhani nitairudisha kabla haijaulizwa.

Kisha wakakupandisha cheo.
Meza, feni, muhuri, kabati la faili.
Wiki ya pili ukalifungua langu.

“Jina lako nani?”
Thoya.
Feni ikazunguka. Chai ikapoa.
“Nauliza tena, na sitauliza mara ya tatu.”
Nyae, nikasema,
na jina langu likanitoka kama mwiba.

Barua uliiandika kwa mkono, nakala tatu:
shirikisho, mkuu, mimi.
Kombe ukalifunga kwa taulo,
ukalipeleka mwenyewe kwa miguu kupitia Mwembe Tayari,
watu wakakupisha
wakidhani umebeba mtoto mgonjwa.

Wenzangu walikuita msaliti.
Kuna aliyemwaga maji ya samaki mlangoni pa ofisi yako;
namjua, simtaji.
Wewe ukapiga deki, ukaketi,
ukaendelea kutia sahihi: nauli ya basi,
chokaa ya mistari, jozi kumi na nne za viatu
vya wasichana wa netiboli, kabla ya jezi za wavulana.
Hilo nalo hawakukusamehe.

Mimi nikaenda Changamwe kupima malori.
Tani ishirini na nane ni tani ishirini na nane.
Dereva akikunja noti kiganjani
nasikia filimbi inakohoa.
Na mwaka mmoja baadaye ikaja bahasha,
risiti ya ada ya mtihani, imelipwa,
jina: Nyae Ngowa.
Sikuuliza ni nani. Mwandiko niliujua.

Sasa mkuu amefika mwisho wa karatasi,
watu wanapiga makofi,
nawe umesimama, umeinua mkono kama unadai kuotea.
“Matano,” unasema. “Moja tulilirudisha.
Liandikeni.”
Kimya. Mtu anaangusha kijiko.

Baadaye unapita na sahani yako kati ya viti,
mzee kidogo, goti la kulia limegoma,
unasimama mbele yangu.
“Na huo wa kushoto?”
Wa kupandia ngazi tu, Kocha.
Unatikisa kichwa,
unavuta kiti.