Neno la Mpira

Ripoti ilifika Jumanne, kurasa sita,
muhuri wa kaunti na tone la chai la tarishi.
Baba aliisoma amesimama,
akakwama ukurasa wa nne, akanisogezea:
"Nesta, hiki kitenzi. Nisomee."

*Fambo.* Mlinzi wa lango la maji alifambo
majukumu yake usiku wa tarehe tisa Februari.

Kwetu, Kiwelshi ndicho hupika, ndicho hugomba.
Kiingereza huja na barua,
hukaa ukingoni mwa kiti, kofia mapajani.

"Ni neno la mpira," nikasema.
"Mpira unakuja, mvua inanyesha,
vidole vinapapasa, unaponyoka."

Akacheka bila meno.
"Mpira naujua."
Misimu tisa alivaa kumi na tano mgongoni.
Aliwahi kuudondosha mbele ya milingoti,
watu wakamtukana mpaka dukani kwenye foleni ya mkate,
na Jumamosi iliyofuata wakamrushia tena.

"Ukiudondosha, refa hupuliza filimbi, mnaanza upya.
Marged Beynon nani alimpulizia?"

Piano yake ilielea hadi jikoni.
Kuku kumi na wawili, na jogoo aliyekuwa na jina.
Maji yakimwagika hayazoleki, husema wasiojua ndoo:
yale tuliyazoa, siku kumi na moja,
na bado karatasi za ukuta wake zinaning'inia
kama ndimi za mbwa waliokimbia mbali.

Mimi niliosha vikombe vilivyokwisha kuwa safi.

Maana kitenzi kile nilikileta mimi.
Mimi ndiye karani wa kamati.
Mwenyekiti alisema *alizembea*,
mwingine akataka *alitelekeza*,
saa kumi na moja jioni, njaa, koti begani,
nami nikatoa kile, laini, kisicho na kona,
neno ambalo mtu angeweza kuketi nalo kanisani.
Wakakubali. Nani hakubali neno la kumrudisha nyumbani?

"Nani aliyewapa hili?" Baba akauliza,
akiutazama mgongo wangu.

Bomba lilitiririka. Nikalifunga.

Akatoa penseli ya useremala nyuma ya sikio,
akakata kitenzi kwa mstari mmoja,
juu yake akaandika neno la nyumbani,
fupi kama komeo:
*nililala.*

"Tena si kwa uchovu," akasema.
"Niliisikia mvua, Nesta. Niliisikia vizuri.
Funguo zilikuwa kwenye msumari, mkono ungefika.
Nikageukia upande wa pili."

Kisha akauliza kama kuna jibini.

Alhamisi niliirudisha ripoti ofisini.
Mwenyekiti aliiinua kwenye mwanga, akapekua,
akapitisha kidole gumba
juu ya ukurasa wa tano, usio na kosa lolote,
ambako lile neno lilikuwa limezama,
bila wino,
likisomeka kwa ngozi.