Dirisha la Pili

Jina: Mize Shaame Faki.
Hilo niliandika bila kuinua kalamu.
Mahali unapoishi: Wete, Kipangani,
nyumba ya mlango wa buluu, choo cha nje.
Mahali unapofanyia kazi:
hapo kijana akagonga kioo kwa kucha.
"Ulipokuwa ukifanyia, bi mkubwa. Si umeachishwa?"
Haya. Tanga. Kiwanda cha magunia,
cherehani nambari kumi na nne,
miaka tisa kasoro Ramadhani moja.

Akaigeuza fomu kama ageuzaye mkate wa ufuta,
akatazama kama upande wa pili umeiva.
"Michango yako iko bara. Nenda bara."

Bara nikaenda.
Nikavuka na bahasha kifuani, nikatapika mara mbili,
nikapanga foleni nyuma ya mtu anayekohoa.
Dada wa miwani, mpole, Mungu ampe,
akasema: "Unaishi kisiwani. Lete barua
ya mtendaji wa mtaa wako."
Kwetu hakuna mtendaji, kuna sheha.
"Sheha ni nani?"
Nikamweleza. Watu wa nyuma yangu nao wakasikiliza,
mwenye kikohozi akanyamaza.

Wanasema njia mbili zilimshinda fisi.
Aliyesema hakuwa Mpemba, sisi fisi hatuna.
Mimi nilizipita zote mbili miaka tisa:
wiki mbili kule na godoro la kukodi,
siku tatu huku na wanangu,
na kila mwisho wa mwezi kikaratasi cha mshahara
kina mstari mmoja mwembamba: Makato, Mfuko.
Walipokata
hawakuniuliza nalala wapi.

Baibui langu halina mfuko.
Pesa nafunga kwenye pindo la kanga,
na pindo, hata nikivuka maji,
huja na mimi.

Sheha akaandika nusu ukurasa, karatasi ni ghali:
*Namjua. Siku za kazi hayupo. Siku za msiba yupo.*
Akatia muhuri, akanidai mia tano ya wino.

Leo nimerudi Chake. Kijana yule yule,
ila amehamia dirisha la pili.
Barua, nakala, nakala ya nakala,
picha mbili ambazo sifanani nazo.
Limebaki swali moja, chini kabisa, kwa herufi ndogo:
*Je, kwa sasa unafanya kazi yoyote?*

Usiku nachambua karafuu kwa Bi Time,
kwa pishi, mpaka taa iishe mafuta.
Ile ni kazi? Ile ni vidole tu
vinavyokataa kulala.

Nikaandika Hapana.
Nikaisukuma fomu chini ya kioo.

Akaiinua. Akaipitisha puani,
kidogo tu, kama mtu anayejikuna.
Akaviangalia vidole vyangu, vyeusi kwenye ncha.
"Msimu mzuri mwaka huu," akasema.

Muhuri ulikuwa mkavu.
Akaupulizia pumzi, akagonga.