Umbali Aliouacha Hieronim

Wincenty, fundi bomba, alinikatia kipande cha plastiki
urefu wa kidole gumba,
akakivisha ndani mpira wa baiskeli iliyokwisha kazi.
Upande mmoja huingia kwenye jicho la darubini,
upande wa pili huibana kamera yangu ndogo,
ile ya kupigia picha keki na wajukuu.
"Usinilipe," alisema. "Niletee korongo."

Korongo wapo hata juu ya paa la kanisa.
Mimi nilikuja kwa ajili ya batalioni.

Ndivyo tuwaitavyo hapa Goniądz, vitwitwi wale wenye kola,
madume wanaoshuka Aprili, Biebrza ikishakula malisho,
kila mmoja na vazi lake: mweusi tii, mwekundu wa kutu,
mweupe kama bwana harusi aliyetoroka.
Hupigana bila kupigana. Huvimba, huruka, huinama,
kisha husimama kimya
kama watu waliosahau deni lilikuwa la nani.

Hieronim aliwahesabu miaka thelathini na mmoja.
Picha hakuzipenda. Picha, alisema, ni kumwomba ndege akae,
na kazi ya ndege ni kwenda.
Aliandika kwa penseli: Dume 41. Jike 6.
Upepo wa mashariki. Chai imepoa.
Akaenda yeye, Novemba, kiazi mkononi, nusu kimemenywa.

Darubini niliikuta mfukoni mwake pamoja na chembe za mkate.
Niliitega juu ya miguu mitatu, mmoja umefungwa waya,
nikachungulia: maziwa matupu.
Isipokuwa mahali pamoja,
mstari wa matete kupita kidogo ule mti ulioanguka.
Pale kila jani lilikuwa na ncha.

Ikanichukua muda. Gurudumu la kurekebishia
lilikuwa limesimama palepale kidole chake kilipoliachia.
Huo ulikuwa umbali wa kitu cha mwisho alichokitazama.

Sikuligusa.

Siku kumi na moja nikapiga picha za wale tu
waliokubali kuja kusimama mbele ya matete yale.
Hawakuwa wengi.
Unaona duara, na pembeni giza,
kama aliye ndani ya pipa anayetazama mdomo wake.
Unazuia pumzi. Unaiamuru kamera ingoje sekunde mbili,
maana hata kubonyeza kwa upole
ni tetemeko la ardhi huko mwisho wa darubini.
Sekunde mbili! Ndege ana wasaa wa kujikuna, kugombana, kuhama nchi.
Nina picha mia tatu za maji yaliyotoka kukanyagwa.
Nina mkia. Nina nusu ya bata asiyehusika.

Kijana mmoja wa Białystok, lenzi yake kubwa kama ndoo,
aliuliza, "Mama, mbona hurekebishi?"
Nikasingizia macho.

Siku ya kumi na mbili akashuka mweupe,
hatua arobaini tu kutoka nilipo, juu ya kinundu cha tope,
peke yake, kola wazi, hana wa kugombana naye.
Ndani ya darubini alikuwa pamba iliyodondoka kwenye maziwa.
Kidole kilikwenda chenyewe.
Gurudumu lilikuwa gumu kwa baridi; lililia kidogo.
Matete yakayeyuka, jani baada ya jani,
na kule kupita mti ulioanguka
hakikubaki kitu chenye ncha.

Na ndege akatokea.
Tope gotini. Unyoya mmoja umevunjika.
Ndani ya jicho, nukta ya anga.
Moja.
Mbili.

Alikaa.

Penseli sikuiona, nikaandika kwa kalamu
chini ya mwandiko wake: Dume 1. Wengine sikuhesabu.
Upepo sikumbuki. Chai nimeinywa ikiwa moto.

Wincenty aliishika picha kwa urefu wa mkono wake wote.
"Huyu si korongo," alisema.
"Najua."
Akafuta kidole kwenye suruali,
akaibandika juu ya rafu ya koki.