Omu Hamsini

Virve alisimamisha mlingoti wake Oktoba,
bomba ndani ya bomba, mita kumi na nane,
ukingoni mwa malisho yangu, hapa Hiiumaa,
pale mireteni inapoipa bahari mgongo.
Wimbi alilolitaka lina urefu wa mita mia na sitini.
"Robo yake ni arobaini," akasema,
"na arobaini upepo huu haunipi."
Akaufunga nyaya tatu utosini, kofia pana,
ili kifupi kijione kirefu.

Mimi nilikuwa mshika daftari.
Yeye kwenye tope, magoti mawili na kipimo kimoja.
"Hamsini, Meelis! Hamsini kamili!"
Redio inataka hamsini, kebo inataka hamsini,
na mlingoti, bila kubembelezwa, umesema hamsini.
"Andika. Piga mstari chini."
Nikapiga miwili.

Siku tatu, usiku kucha, akaita.
Nukta, kistari, kimya.
Sindano imetulia, hakuna kinachorudi nyuma,
kila kitu kinakwenda
na hakuna kinachofika.
Kijana mmoja wa Latvia alimjibu, ng'ambo ya maji tu,
akauliza kama anatumia betri ya tochi.

Asubuhi ya nne alikuja na koleo, salamu hakuna.
"Ardhi inakula."
"Inakula nini?"
"Katika ile hamsini yetu, kumi na mbili ndizo zinazopaa.
Thelathini na nane zinaupasha moto mchanga wako.
Tumewapikia minyoo, Meelis."

Nilipaswa kulijua.
Kondoo wa Februari ukimtazama ni mnene,
ukimshika mbavu
ni sufu tupu.

Miaka ishirini na sita alifanya kazi kwenye nyumba ya simu Kärdla,
na ilipofungwa alibaki na nyaya, rundo baada ya rundo,
zenye sauti za harusi na madeni ya watu.
Tukazilaza nyasini kama miale,
kutoka mguu wa mlingoti kwenda pande zote,
nyingine hadi kwenye maji ya chumvi,
moja chini ya zizi langu, kwa ruhusa yangu,
nyingine mbili bila ruhusa.

Nyaya nne: arobaini na moja.
Nane: thelathini na tatu.
Kumi na sita: ishirini na sita.
Nikaandika kwa huzuni, kama anayeandika homa ya mgonjwa kinyumenyume.
"Inaharibika," nikasema.
"Inaharibika vizuri," akasema, na kucha zake zilikuwa zinatoka damu.

Thelathini na mbili: ishirini.
Hapo akasimama. Si kwamba hesabu ilikwisha.
Nyaya zilikwisha.

Kisha lile jambo dogo ambalo mpaka leo silielewi:
alizipunguza nyaya za kofia, shibiri kwa shibiri,
akakunja waya mnene wa shaba, mizunguko tisa, juu ya chupa ya maziwa,
akaichomoa chupa,
akaifunga koili hiyo kati ya mguu na ardhi,
akaivuta, akaibana, akaivuta tena,
mpaka kipimo kikasema
hamsini.

Nilimtazama. Mwezi mzima wa mgongo kuuma
kurudi tulipoanzia.
Hakuniambia neno. Alipuliza vidole.

Desemba, kabla jua halijainuka juu ya theluji,
ile nusu saa ambayo upande mmoja wa dunia bado ni usiku,
alinigongea dirisha.
Nikakaa jikoni kwake na kahawa isiyo na sukari.
Katika mngurumo, kama ukucha juu ya gome,
mtu wa Chiloé, jina lake Remigio.
Virve aliniandikia maana kwenye pambizo ya gazeti:
Kwangu mvua. Nakusikia vibaya.
Halafu, baada ya kishindo kirefu cha radi ya nchi nisiyoijua:
lakini nakusikia.

Daftari liko kwangu. Ile hamsini ya kwanza
nilitaka kuifuta, akakataa.
Waya wa kumi na tisa umekatwa na kondoo dume.
Kipimo kimepanda omu moja.
Hajaniuliza ni kondoo wa nani.